Rula, Aliyepima Figo za Watu

Marehemu tunayemsindikiza leo, wagonjwa walimwita Daktari, watoto wake walimwita Baba, na nyumbani kwao aliitwa Rula. Kamati ya mazishi ilimpa dada yake, ambaye ni msusi, kazi ya kuandika wasifu huu. Ikamwomba asisahau ile sentensi ya siku zote, kwamba marehemu alipambana na maradhi kishujaa hadi dakika ya mwisho. Dada akajibu kwamba ataandika kila kitu isipokuwa hiyo. Walivutana jikoni, masufuria yakiwa motoni, mpaka mjane akasema mwacheni aandike anavyojua, hao wawili wamelelewa chini ya paa moja. Anayewasomea ni mume wa dada, shemeji yake marehemu, maana dada amesema sauti haitamtoka, na ikimtoka itatoka vibaya.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Oktoba 1969, mtoto wa kwanza wa seremala na mama mfua nguo wa hospitali. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya karakana ya baba, na vumbi la mbao lilikuwa likiingia mpaka kwenye vikombe vya chai. Mama alipoteza mimba mbili, miaka ikapita, ndipo akaja dada mwaka 1976. Basi wakawa wawili tu, na yule mkubwa akajipa kazi ya kumlea yule mdogo kabla hajaombwa na mtu.

Jina la Rula alipewa na baba, baada ya kuchoka kuitafuta rula yake kila asubuhi. Mtoto alipima mlango, alipima mkia wa paka, alipima kidole cha mama akiwa amelala. Mkate ukiletwa, yeye ndiye mkataji, na hakukata kwa macho. Siku moja dada yake aliviweka vipande viwili kimoja juu ya kingine, akaona cha kwake kimezidi upana wa kidole, naye kwa ushamba wa utoto akalalamika kwamba kaka hajui kupima. Rula alisema rula ilikuwa imepinda. Dada alimcheka kwa jambo hilo mpaka wote wawili wakaota mvi, na ndani ya moyo wake alijua siku zote kwamba rula ile ilikuwa imenyooka kabisa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1976 na sekondari mwaka 1983, akiwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika kuimba. Mwaka 1987, akiwa anamalizia sekondari, baba yao akaanza kuvimba miguu. Presha ilikuwa imemkalia muda mrefu bila yeye kujua. Daktari alitaka kufahamu figo zimeharibika kiasi gani, na wakati ule njia ilikuwa moja: kuingiza sindano nene mgongoni, kunyofoa kinyama chembamba kama uzi, kisha kukikata vipande vya kutazamwa kwa hadubini. Baba aliingia chumba kile kwa miguu yake mwenyewe, akimtania muuguzi. Alivuja damu kwa ndani, na hakumaliza wiki.

Majibu yalitoka baada ya mazishi. Kile kinyama kilikuwa mafuta na msuli tu. Sindano haikuigusa figo hata kidogo. Rula, kijana wa miaka kumi na minane, aliwataka madaktari wamweleze tena, taratibu, huku dada yake wa miaka kumi na mmoja amekaa kwenye benchi karibu na mlango, anasikia kila neno. Walipofika nyumbani alimwambia mama kwamba atatafuta njia ya kuipima figo bila kumtoboa mtu. Mama alimwambia kwanza ale.

Alisomea udaktari, akahitimu mwaka 1996, akaendelea na masomo ya picha za mwili. Alitumia nusu ya mshahara wake wa kwanza kumlipia dada yake mafunzo ya ususi. Dada alipofungua saluni yake, Rula alikwenda kumpimia mahali pa kutundika vioo, na kazi hiyo ilichukua jioni nzima ingawa vioo vyenyewe vilikuwa viwili. Wateja wa mwanzo walimkuta juu ya stuli, wakadhani ni fundi. Mmoja akamuuliza kama anapaka na rangi.

Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, mwanamke mpole ambaye hakubishana naye kwa namba kwa sababu namba alizijua kumzidi. Suti ya harusi nusura iwavunje watu mbavu. Bwana harusi alijipima mwenyewe nyumbani, akampelekea fundi vipimo, na suruali ikaja imeishia juu ya vifundo vya miguu. Fundi alimwambia, daktari, mtu hajipimi mwenyewe, ukiinama kusoma tepu mwili wote umeshabadilika. Alifunga ndoa na suruali hiyohiyo, na picha zipo, nani asiyezijua? Walijaliwa binti, kisha mtoto wa kiume.

Kazi iliyompa jina aliifanya katika chumba cha mwisho cha korido, chenye pazia la kijani lililopungukiwa pete mbili na kitanda chembamba kilichopiga kelele kila mgonjwa alipogeuka. Hapo ndipo yeye na wenzake waliendesha utafiti wa watu wazima wenye ugonjwa wa figo. Kwa mashine ya altrasaundi walipima urefu wa figo, unene wa ganda lake la nje, na mwisho walipima ugumu. Mashine husukuma wimbi dogo ndani ya nyama, halafu huhesabu wimbi linakwenda kasi gani. Figo yenye makovu huwa ngumu, na kwenye kitu kigumu wimbi hukimbia. Wagonjwa ambao ilikuwa lazima wachomwe sindano, vipande vya figo zao vilipimwa kwa hadubini ili kuona ni sehemu gani imegeuka kovu, kisha namba zikalinganishwa. Miaka nenda rudi, namba ya mashine ikawa inasogea karibu na namba ya hadubini. Watu wengi waliokoka kutobolewa ovyo kwa ajili yake, na wengine wako hapa leo.

Ile jeli ya kupaka mgongoni aliilowekea chupa yake kwenye beseni la maji ya moto, ili isimshtue mtu. Bibi mmoja aliyekuwa akija kila baada ya miezi michache alimwambia hajawahi kuguswa mgongo kwa adabu namna ile, hata na marehemu mumewe. Rula alisimulia hilo kila harusi. Haya ni ya kweli na dada yake anayaandika kwa moyo mmoja. Alikuwa daktari mzuri. Angekuwa mbaya, haya yanayofuata yasingeuma hivi.

Presha ya baba ilimfikia naye. Mwaka 2016 mkojo wake ulionekana una protini, dalili kwamba chujio limeanza kutoboka. Tangu hapo alijiingiza katika foleni ya wagonjwa wake mwenyewe. Alilala kwenye kitanda kile cha kelele, na fundi wa mashine, mama mmoja mtulivu aliyefanya naye kazi miaka mingi, akampima. Kila mwaka figo zilizidi kuwa ngumu. Mwaka 2021 daktari wake wa figo alimwambia asisubiri mpaka afike kwenye mashine ya kusafisha damu, atafute ndugu wa kumpa figo.

Ndugu alikuwa nani zaidi ya dada? Hakungoja kuulizwa. Alipimwa damu, alipimwa moyo, alipigwa picha za kila aina, na mwaka 2022 akaambiwa kwamba ni mzima, figo zake zote ni nzuri, na zinapatana na mwili wa kaka yake. Mumewe hakulala vizuri kwa muda, lakini hakumzuia. Upasuaji ukapangwa kufanyika Januari. Dada alimtafuta msusi mwingine wa kushika saluni, akawaaga wateja wake, akashona magauni mawili mapana yasiyobana tumbo. Watu wakimuuliza kama haogopi, alisema anaogopa sana, kisha akaendelea na nywele zao.

Mwishoni mwa Novemba, Rula akawaita wote nyumbani kwake kula chakula cha mchana. Kabla hata sahani hazijajaa, alisimama akasema kwamba namba imeshuka. Figo zimeanza kulainika. Dawa zimefanya kazi, kupunguza chumvi kumefanya kazi, na upasuaji hauna haja tena. Mkewe alilia kwa furaha, akakumbatiana na wifi yake. Na dada naye alifurahi, hilo liandikwe. Alikula vizuri siku ile kuliko alivyokuwa amekula kwa miezi, akarudi nyumbani akiimba. Leo ile hamu ya kula anaionea aibu.

Daktari wa figo hakufurahi. Ni mwanamke, na nywele zake husukwa na dada. Mwezi Machi alikaa kwenye kiti cha saluni, akasubiri mteja mwingine atoke, ndipo akasema. Alisema damu ya Rula inazidi kuchafuka, na mtu ambaye figo zake zinapona damu yake haichafuki. Rula alikuwa na jibu: eti dawa za presha hupandisha vipimo vya damu kidogo, jambo hilo linajulikana. Ni kweli linajulikana. Lakini haikuwa kidogo. Daktari alipomtaka achomwe sindano ili waone ndani, Rula alitoka nje ya chumba chake bila kuaga.

Ndipo daktari akamweleza dada kitu ambacho hakuwahi kukisikia. Figo hujaa damu, na kujaa huko nako huifanya ionekane ngumu. Damu ikipungua kuingia, figo hulegea, hata kama ndani imejaa makovu matupu. Tairi kuukuu lililoishiwa upepo ukilibonyeza linabonyea, wala hiyo haimaanishi kwamba ni jipya. Kwa hiyo katika utafiti ule kulikuwa na kanuni: namba ya ugumu haipokelewi kabla mtu hajapimwa damu inavyopita. Dada akauliza kanuni hiyo aliitunga nani. Daktari alimtazama kupitia kioo, akasema, “Kaka yako.”

Dada aliacha kichwa cha watu kikiwa kimesukwa nusu, akaenda hospitali na aproni yake. Kanuni ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya mashine, kwa herufi kubwa, na kona moja imeshikwa kwa plasta ya vidonda. Rula alikuwa peke yake na fundi wa mashine, wanafuta jeli kitandani.

“Kaka, wewe ulipimwa damu inavyopita?”

“Mimi figo zangu nazijua.”

“Sijakuuliza hilo.”

Rula akacheka, akasema saluni ni chuo kikuu siku hizi, akija mteja wa ubongo atapasuliwa papo hapo. Dada hakucheka. Alimgeukia fundi wa mashine, na yule mama akainamisha kichwa, akaendelea kufuta mahali palipokwisha kukauka. Hapo dada akaelewa. Bosi alimwambia aruke kipimo kile, na yeye akaruka, kwa kuwa miaka yote bosi hakuwahi kumwambia aruke kitu. Dada alimwambia kaka yake maneno ambayo hayafai kusomwa mbele ya mama mzazi, akatoka. Alimtumia ujumbe kwamba figo yake ipo, hajampa mtu mwingine, akiitaka aseme. Rula alijibu kwa kumtumia picha ya vipimo vipya vya ugumu, vimeshuka tena, na kidole gumba kimesimama juu.

Ndivyo ulivyopita mwaka mzima. Watu wazima, wasomi, wenye akili zao timamu, walikaa wakisubiri mtu mmoja aache ukaidi. Alikwenda kwenye mikutano kuwafundisha vijana kanuni yake. Mkewe aliacha kuuliza kwa sababu kila akiuliza aliletewa mchoro wenye mstari unaoshuka, na kwa mwalimu wa hesabu mstari ni mstari. Dada alimwambia wifi yake kwamba huo mstari haufai hata kufungia maandazi, akakosana naye pia.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2024, Rula alishindwa kupanda ngazi za korido. Mapafu yalikuwa yamejaa maji. Aliunganishwa na mashine ya kusafisha damu siku ileile, na safari hii kipimo cha damu inavyopita kilifanywa na watu wasiomwogopa. Mishipa ya figo zote mbili ilikuwa imebana, damu ilikuwa inadondoka humo kama maji ya bomba wakati wa mgao. Dada alifika wodini na begi lenye yale magauni mawili. Daktari wa upasuaji alimpokea vizuri, akamketisha, akamwambia moyo wa kaka yake sasa ni dhaifu mno, hauwezi kustahimili upasuaji. Mwaka uliopita ungeweza.

Aliingia akaketi kando ya kitanda. Rula alikuwa amekonda mikono na kuvimba uso, na bado alikuwa anasoma namba za mashine iliyokuwa inamsafisha.

“Ulijua?” dada alimuuliza.

“Nilishuku.”

“Sasa kwa nini usipime?”

Rula alizitazama namba za mashine mara nyingine. Kisha akasema, “Ningepima, ningelazimika kukukubalia. Ulale mezani kama alivyolala baba, mzima, unacheka na wauguzi. Sikuweza, mdogo wangu.”

“Kama mimi ningeweza, hukuniuliza.”

Rula akafumba macho. Dada alisubiri aombe radhi, na angalau hilo alistahili, lakini mgonjwa aligeukia ukutani akaomba maji ambayo hakuruhusiwa kunywa. Wapo walioisikia habari hii wiki hii wakasema, basi ni upendo huo, alikukinga. Dada anawaomba wasimwambie tena. Upendo wa namna hiyo umemfanya binti wa marehemu ajifunze kuosha mwili wa baba yake akiwa na miaka ishirini na mbili. Umemwacha mama mzee amzike mwanawe baada ya kumzika mumewe, wote kwa figo. Rula alimkinga dada yake na kitanda cha upasuaji ambacho watu hulala na kuamka kila siku, akamwachia hiki cha majonzi, ambacho hakuna wa kumsaidia kuinuka.

Marehemu alifariki dunia Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Mkewe alikuwa amemshika mkono. Dada alikuwa ameshuka kununua sabuni.

Alikuwa ameagiza kwamba akifa figo zake zitolewe, zikatwe, zilinganishwe na vipimo vyake vya miaka yote. Mjane alikubali. Dada alisema atakubali kwa sharti moja, naye aonyeshwe. Wakampeleka chumba cha hadubini, fundi wa mashine akiwa naye, akaambiwa kwamba rangi waliyotia huyafanya makovu kuwa ya bluu na nyama iliyo hai kuwa nyekundu. Akainama kutazama. Ilikuwa bluu kutoka ukingo hadi ukingo, na vidoa vyekundu vichache, mbalimbali. Akauliza, hivyo vyekundu ndiyo figo? Yule mama akasema ndiyo, hivyo ndivyo alivyokuwa anaishi navyo. Wakasimama hapo wameshikana mikono, na hawakulaumiana.

Wenzake wametuambia kwamba mfano wake utawasaidia wagonjwa wengi, maana sasa kuna mtu aliyepimwa tangu figo zikiwa ngumu hadi zikalegea, na hadubini imethibitisha kilichokuwa ndani. Wameomba ruhusa ya kuuandika, na familia imetoa. Dada naye alitia sahihi. Ila aliwaambia kwamba kwa somo hilo kaka yake hakuwa na haja ya kufa, ilitosha ainue macho asome ukutani.

Marehemu ameacha mama mzazi, ambaye hakupaswa kuwa hapa leo. Ameacha mjane, aliyeishi naye miaka ishirini na minne na nusu bila kumpandishia sauti, na sasa anajuta kwamba hakuipandisha. Ameacha binti, aliyeacha masomo ya mwaka huu ili amuuguze, na mtoto wa kiume, ambaye presha yake imepimwa wiki hii na ataendelea kupimwa apende asipende. Ameacha shemeji, anayewasomea haya.

Na ameacha dada mmoja, mwenye figo zake zote mbili.

Mungu ampe Rula amani yake apumzike. Dada yake hajaweza kumwombea kwa kinywa chake mwenyewe, ndiyo maana ameomba mseme ninyi: Amina.